Madaka Yasiyo na Sahani: Nakshi za Makasri na Usomaji wa Al-Inkishafi

Shairi la Al-Inkishafi, lililotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir kati ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, limezoeleka kuhakikiwa kama shairi la mawaidha. Mshairi anausemesha moyo wake, anaukanya usihadaike na dunia, anaupeleka Pate kutazama fahari ya waungwana waliokwisha kuzikwa, kisha anauonya juu ya adhabu inayowangoja walioghafilika. Muhtasari huo hauna kosa. Kasoro yake ni kwamba unazifanya beti zinazoeleza nyumba za Pate kuwa orodha ya utajiri tu, kana kwamba mshairi angeweza kutaja ng'ombe mahali pa taa, au mashamba mahali pa sahani, na shairi likabaki vilevile. Makala haya yanashika msimamo mwingine: kwamba nakshi zinazotajwa katika beti hizo ni za aina maalumu, kwamba aina hiyo inapingana kimsingi na nakshi za vipande vya kioo zilizofunika kuta za makasri ya Kiislamu ya Shamu na Iraki, na kwamba nguvu ya beti za magofu inatokana na tofauti hiyo. Asiyejua ukuta wa Pate ulipambwa vipi hawezi kujua ni kitu gani kilichobomoka.

Ili tofauti yenyewe ionekane, hapana budi kuanzia mbali na Pate.

Kazi ya nakshi za vipande vya kioo, ambayo leo huitwa mozaiki, Waislamu waliirithi kutoka kwa mafundi wa Rumi ya Mashariki. Kioo kilichoyeyushwa kilichanganywa na madini ili kipate rangi: kobalti kwa buluu, shaba kwa kijani, na kadhalika. Vipande vya dhahabu vilihitaji uangalifu zaidi. Fundi alilaza utando mwembamba sana wa dhahabu juu ya kioo, akaufunika kwa tabaka jingine la kioo ili dhahabu isichubuke. Kisha bamba lilikatwa vipande vya mraba, vingi vyao visivyozidi upana wa sentimita moja, na vipande hivyo vikapachikwa kimoja kimoja katika lipu mbichi. Ujuzi mkubwa ulikuwa katika kuviinamisha. Katika Kuba la Mwamba mjini Jerusalem, lililokamilika mwaka 72 wa hijria, yaani 691 au 692, baadhi ya vipande vya dhahabu vimeelekezwa chini ili mwanga umrudie mtu aliyesimama sakafuni. Ukuta wenye giza ulifanywa chanzo cha nuru.

Kazi mashuhuri zaidi ya aina hii iko katika Msikiti Mkuu wa Dameski, uliojengwa na khalifa al-Walid wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 705 hadi 715. Pale ukutani iko miti mikubwa, mto, na majumba ya fahari yasiyo na mtu hata mmoja ndani yake. Makasri nayo yalipata fungu lake. Khirbat al-Minya, karibu na Ziwa Tiberia, lilikuwa na nakshi za kioo ambazo vipande vyake, vikiwamo vya dhahabu, vimepatikana katika kifusi. Samarra, mji ulioanzishwa na khalifa al-Mu'tasim mwaka 836 kaskazini ya Baghdad na kuachwa na makhalifa mwaka 892, ulichimbwa na Mjerumani Ernst Herzfeld kati ya 1911 na 1913, na mabaki ya mapambo ya kioo yakaonekana katika kasri la khalifa. (Khirbat al-Mafjar, karibu na Jeriko, hutajwa sana pale panapozungumzwa mozaiki za makasri. Sifa yake, hata hivyo, ni sakafu, na sakafu hiyo ni kazi ya mawe.)

Kipande kimoja cha kazi hii hakina jina. Kikitengwa na wenzake si jani, si tunda, si paa la nyumba. Ni punje ya rangi tu. Picha iko ukutani, haiko katika kioo, na mtazamaji hatakiwi kukiona kipande bali kile kinachoundwa na maelfu ya vipande. Kioo hicho hakiwezi tena kushika maji wala kuwekwa mezani. Na jengo likianguka, nakshi yake humwagika kama mchanga. Waliochimba Minya na Samarra waliokota punje, wakalazimika kuikisia picha.

Pwani ya Afrika Mashariki haikufuata njia hiyo. Kilwa Kisiwani, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika huko mwaka 1331, ndiye anayehusishwa na ujenzi wa Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya 100, nyua na birika la pembe nane, lililosimama juu ya jabali linalotazama bahari. Neville Chittick alilichimba katika miaka ya 1960. Fahari ya kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyochongwa. Kwingineko Kilwa, na katika kisiwa jirani cha Songo Mnara, mafundi walipachika katika kuba na matao mabakuli yenye mng'ao yaliyotoka ng'ambo. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, na ya Mambrui, kaskazini ya Malindi, yalipambwa kwa namna hiyo hiyo kwa mabakuli ya Uchina. Huko Gedi, James Kirkman, aliyeanza kuchimba mwaka 1948, aliyapa majumba majina kufuatana na vitu vilivyookotwa ndani yake. Moja likaitwa nyumba ya bakuli la kauri, na jingine nyumba ya ushanga wa Venisi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mabakuli hayo yalipachikwa yakiwa mazima. Bakuli la Kunduchi lilitiwa ukutani likiwa bakuli, na lilipotazamwa lilionekana bakuli. Halikugeuzwa kuwa jani wala nyota. Mtu aliyepita kaburini aliweza kujua kwamba chombo kile kingefaa kuliwa, kwamba kilitoka mbali, na kwamba marehemu alikuwa mtu wa kukimiliki na jamaa zake watu wa kukiacha.

Desturi hiyo ilifikia ukamilifu wake katika nyumba za mawe za visiwa vya Lamu na Pate katika karne ya 18. Nyumba hizo, kama zilivyoelezwa na Usam Ghaidan katika utafiti wake wa mji wa Lamu uliochapishwa mwaka 1975, huingiwa kwa daka, yaani ukumbi wa mlangoni, kisha kiwanda, yaani uwa ulio wazi juu, kisha misana miwili, kisha ndani, kisha nyumba kati. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulitawaliwa na urefu wa boriti za mikoko, na mwanga wote mkubwa huingia kwa kiwanda. Kadiri mtu anavyosonga ndani, ndivyo giza linavyozidi. Ndipo ukuta wa ndani ukachongwa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya lipu nyeupe, na katika zidaka hizo zikawekwa sahani, mabakuli na vyombo vya kioo. Tatizo lilikuwa lile lile la fundi wa Jerusalem: namna ya kuufanya ukuta ulio mbali na dirisha utoe nuru. Huyu aliinamisha vipande. Yule wa Lamu alitegemea mng'ao wa sahani.

Shahidi mwingine ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja na baadaye kuitwa Emily Ruete. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza kwamba vyumba vya watu wa jamaa yake vilikuwa na vishubaka virefu ukutani vilivyopangwa vyombo vya kauri na vya kioo, na kwamba watu hawakuona gharama katika kuvipata. Hapo ni Unguja ya Waomani katikati ya karne ya 19, si Pate ya Wanabahani, na kati ya vishubaka viliingia pia vioo vikubwa vya kujitazamia vilivyoagizwa Ulaya. Hata hivyo mtindo ni ule ule. Chombo kinawekwa, hakijengewi.

Mtu anaweza kupinga na kusema kwamba huo ulikuwa upungufu, kwamba pwani haikuwa na viwanda vya kioo wala mafundi wa Rumi, ikajifariji kwa sahani. Pingamizi hilo lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba vyombo hivyo viliagizwa. Lakini watu walioweza kuchonga matumbawe kwa uhodari ule wangeweza, kama wangetaka, kuvunja mabakuli na kuunda picha kwa vigae vyake, vigae havikukosekana. Hawakutaka. Dai kwamba nakshi ya pwani ni ukingo dhaifu wa nakshi ya Shamu linaupima ukuta wa Lamu kwa kipimo cha ukuta wenye nia nyingine. Mozaiki inahitaji mtawala mmoja, fedha nyingi kwa mara moja, na jengo lisilohama. Zidaka zinafaa jamaa ya wafanyabiashara: zinajazwa chombo kwa chombo, kila chombo kina safari yake, na siku ya dhiki kinaweza kuteremshwa na kuuzwa.

Lugha nayo inashuhudia. Kiarabu cha Qurani, kinapoeleza katika sura ya 27 kasri la Nabii Sulaimani ambamo malkia wa Saba alidhani sakafu ni maji, hutumia kwa kioo neno qawarir, ambalo ni wingi wa neno lenye maana ya chupa au chombo cha kioo. Mata inaitwa kwa jina la chombo. Katika Kiswahili, bilauri imefuata njia hiyo kwa upande wa pili: katika Kiarabu ni jina la jiwe angavu, kwetu ni chombo cha kunywea. Sini, neno la kale la kauri, ni jina la Uchina tu. Kioo peke yake kinabaki na maana ya kujitazamia kabla ya maana ya mata, na Kiswahili cha Bunia kimeihifadhi hali hiyo vizuri: kioo ni cha kujiangalia, na la dirishani mara nyingi huachiwa neno la Kifaransa, vitre. Waswahili wa kale hawakuwa na dirisha la kioo la kulitafutia jina.

Sasa shairi. Kabla ya kufika Pate, mshairi anautolea moyo mifano ya dunia, na miwili kati yake ni mifano ya nuru inayodanganya: vumbi linaloonekana katika mwali wa jua, ambalo mwenye kulishika hapati kitu, na mangati ya mchana, ambayo mwenye kiu huyakimbilia akidhani ni maji. Wahakiki huitaja mifano hii peke yake, kama mapambo ya mawaidha. Lakini ndiyo inayoandaa jicho la msomaji kwa nyumba zinazofuata, maana nyumba hizo zinaingia katika shairi kwa nuru yake kabla ya kitu kingine chochote. Zinang'aa kwa taa za aina mbili, za kowa na za sufuri, yaani za kioo safi na za shaba ya manjano, hata usiku unakuwa kama mchana. Halafu inakuja sini iliyochaguliwa, vikombe vyenye nakshi, na katikati yake kuzi za kowa. Halafu zango za kutundikia mapambo, za msaji na abunusi, zilizopangwa safu kwa safu.

Msomaji aelewe kwamba huu ni ukuta mmoja. Mshairi hahesabu mali. Anautazama ukuta wa ndani wakati taa zimewashwa, na anataja kila kitu kwa mpangilio wa mahali pake. Kuzi ziko katikati ya sini. Zango ziko katika safu. Taa zinatangulia kwa sababu bila taa hakuna sini inayoonekana. Kwamba kioo kinatajwa mara mbili, mara kama taa na mara kama chombo, si kujirudia kwa mtunzi aliyeishiwa na vina. Mara ya kwanza kioo kinatoa nuru. Mara ya pili kinaipokea. Kati ya hizo mbili ndipo ulipo mng'ao wa nyumba nzima, na ndipo pia mangati ya beti zilizotangulia yanapopata kuta na paa.

Baada ya vifo vya waungwana, nyumba hizo hizo zinaonekana tena, na hapo mshairi anafanya jambo ambalo halijasemwa vya kutosha: anaacha jicho na kuchukua sikio. Husikii mnong'ono wala ukelele wa mtu. Kisha sauti zinarudi, lakini si za watu; mende, nyenje, na bumu anayekoroma ndani ya nyumba. Popo wamening'inia juu, na buibui wametandika vitandani. Hakuna nuru yoyote inayotajwa, na haingefaa itajwe. Nyumba iliyojulikana kwa kutazamwa sasa inajulikana kwa kusikilizwa gizani. Ubeti wa mende na nyenje una mpango wa pekee. Unaanza na nyumba kati, unapita kumbi za msana, unamalizia na kumbi za nje ambazo zimekuwa jaa la takataka. Msomaji asiyeijua nyumba ya Lamu husoma "nyumba kati" kama "katikati ya nyumba", na ubeti unamtawanyikia. Anayejua kwamba nyumba kati ni jina la chumba cha ndani kabisa, na msana ni jina la baraza refu lililo kati ya ndani na kiwanda, anaona kwamba sauti inatoka nje chumba kwa chumba, kwa njia ile ile ambayo mgeni aliingilia, ikiwa imegeuzwa.

Kiini cha yote ni madaka. Mshairi anasema kwamba katika madaka ya sahani sasa wamelala makinda ya ndege. Jina zidaka ni la Kiamu, ambacho katika ngeli hii hutumia zi- mahali pa vi- ya Kiswahili sanifu, kidaka, zidaka. Mshairi hakulitumia umbo hilo la udogo. Amesema madaka, na kwa kuwa neno daka lina pia maana ya ukumbi wa mlangoni, ameongeza sahani ili pasiwe na shaka ni daka lipi. Hapa nakshi ya chombo kizima inaonyesha kitu ambacho mozaiki isingeweza kukionyesha. Ukuta wa vipande vya kioo ukiharibika, kinachobaki ni lipu yenye makovu na kifusi chini yake. Daka likikosa sahani linabaki kamili. Umbo lake lote liko palepale, pamoja na nakshi za kingo zake; lililotoweka ni lile tu ambalo lilichongwa kwa ajili yake. Linakuwa kama swali lililobaki bila jibu, na ndege ndiye anayelijibu. Kinda limelala pale pale palipokaa sahani, kwa ukubwa ule ule, kama kitu kilichowekwa. Mshairi hakuhitaji kubomoa hata jiwe moja.

Ndiyo maana maelezo ya vitabu vya shule yanayoandika kwamba madaka ni "rafu" yanaua ubeti. Rafu ni ubao uliotundikwa. Ukitupu hausemi kitu. Msomaji wa bara anayefungua kamusi atakutana na kitenzi kudaka, kupokea kwa mikono kilichorushwa, au na kidakatonge cha kooni, na hatakuwa amefika karibu zaidi. Wakati huo huo, wengi wa wasomaji hao wamekulia katika nyumba za udongo zenye kishimo kilichochongwa ukutani cha kuweka kitaa cha mafuta. Hicho, kwa udogo wake, ni daka. Mwalimu wa Bunia ana mfano ulio karibu kuliko rafu.

Linda Donley-Reid, aliyefanya utafiti Lamu katika miaka ya 1980, amedai kwamba sahani za zidaka hazikuwa mapambo tu, bali kinga ya nyumba dhidi ya jicho baya, hasa katika vyumba vya ndani ambamo watoto walizaliwa na maiti waliandaliwa. Hoja hiyo inapendeza, na inaelekea kuipa nyumba kati ya Sayyid Abdallah uzito mpya: chumba cha kuzaliwa na kufa kimebaki na mende. Hata hivyo shairi lenyewe halisemi lolote kuhusu kinga, na mhakiki hapaswi kulisemea. Ushahidi wa wenyeji wa karne ya 20 juu ya hofu zao hauhamishiki moja kwa moja kwenye beti za mtunzi mwanachuoni, ambaye pengine angeiona imani hiyo kuwa sehemu ya ghafla anayoikemea. Uhusiano ulio salama zaidi ni wa umbo. Kaburi la Kiislamu la pwani huchimbwa mwanandani, kishubaka cha ubavuni ambamo maiti hulazwa. Mshairi anapowatoa waungwana katika nyumba zao na kuwafuata hadi katika dhiki ya kaburi, anawapeleka kutoka ukuta wenye madaka hadi kwenye daka moja la udongo, na sasa wao ndio waliowekwa humo.

Linabaki swali ambalo shairi halilijibu, na ambalo msomaji wa Ituri hawezi kuliacha: nani alizitoa sahani? Katika ubeti mmoja sini inang'aa; beti kadhaa baadaye madaka ni matupu. Ndege hakuziondoa. Chombo kizima, tofauti na punje ya mozaiki, hubebwa na mtu, na hubebwa kwa sababu kina thamani. Pate haikuanguka kwa kifo tu, ambacho kilikuwepo hata enzi ya fahari yake. Kulikuwa na ugomvi wa kurithi utawala, kulikuwa na ushindani mrefu na Lamu, kulikuwa na vita vya Shela, yapata mwaka 1812, ambamo Pate na Wamazrui wa Mombasa walishindwa, na kulikuwa na kukua kwa Unguja chini ya Sayyid Said, ambako biashara ya pwani ilihamia. Sahani za Pate hazikuyeyuka. Ziliuzwa, zilirithiwa, zilihamishwa, au zilitekwa.

Mnamo Mei 2003, baada ya majeshi ya Uganda kuondoka, Bunia iliingia katika mapigano ya makundi yenye silaha, na sehemu kubwa ya wakazi wakaukimbia mji. Wengi waliorudi walikuta nyumba zimeporwa. Kwa msomaji aliyepitia hayo, au aliyesimuliwa na wazazi wake, ukuta mtupu si ishara ya kupita kwa dunia pekee. Una majina ya watu nyuma yake, na huenda wengine kati yao bado ni majirani. Anapoambiwa darasani kwamba Al-Inkishafi linafundisha kuwa mali haidumu, ana haki ya kujibu kwamba mali ya kwao ilidumu vizuri, ila katika nyumba nyingine.

Jibu hilo halilipunguzii shairi hadhi, lakini linaonyesha gharama ya uamuzi wa mshairi. Kwa kuufuta mkono uliochukua sahani, Sayyid Abdallah amepata picha safi ya daka lisilo na kitu, picha ambayo mwizi angeichafua. Kwa uamuzi huo huo ameiondoa siasa ya Pate katika shairi linaloihusu Pate. Aliyeshinda na aliyeshindwa wanalala katika mchanga mmoja, na msomaji haambiwi nani alikuwa nani. Wahakiki wanaolisifu shairi kwa kuwa ni la watu wote na zama zote wangetenda haki kama wangesema pia kwamba sifa hiyo ilinunuliwa kwa ukimya huo. Utakatifu wa mada haujawahi kuwa sababu ya kuacha kuuliza.

Maandishi ya shairi yamewafikia wasomaji wa leo kupitia mikono mingi. William Hichens alilichapisha London mwaka 1939, James de Vere Allen akatoa toleo lake mwaka 1977, na M. M. Mulokozi akalitia katika Tenzi Tatu za Kale, kitabu cha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili cha mwaka 1999. Miongoni mwa wanakili waliomsaidia Hichens kupata hati za Kiswahili alikuwa Muhamadi Kijuma wa Lamu, ambaye alikuwa pia fundi wa kuchonga mbao. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kuelezwa zango za msaji ni nini. Mwanafunzi wa Bunia anahitaji, na maelezo ya msamiati yaliyowekwa mwishoni mwa kitabu hayamtoshi, kwa sababu yanampa maneno mengine mahali pa maneno. Kinachokosekana ni mchoro wa nyumba moja ya Lamu wenye majina ya vyumba vyake, kuanzia daka hadi nyumba kati, na kando yake mchoro wa ukuta wa zidaka. Ungechukua nusu ya ukurasa.